Sura ya 7: Kiwanja Kinangoja, Mtoto Hangoji

Anayetafuta kiwanja Mpanda huuliza maswali yale yale anayouliza mwenzake wa Kahama au Morogoro. Kimepimwa? Kina hati, au ni karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa? Bomba la maji limefika wapi? Nguzo ya umeme iko umbali gani? Mvua zikianza, gari linapita? Dalali ameyazoea maswali haya, na majibu anayo mdomoni. Swali moja tu humkuta hajajiandaa: mtoto wa miaka sita akitoka mlangoni leo jioni, atacheza na nani?

Wengi hatuliulizi kwa sababu tulikokulia halikuhitaji kuulizwa. Ulitoka nje, watoto wapo. Mpanda ya leo haina uhakika huo, na chanzo chake ni kule kukua kwake kunakosifiwa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 katika Mkoa wa Katavi, uliokuwa umemegwa kutoka Rukwa mwaka huo huo. Sensa ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Hilo ni ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka, kubwa kuliko la mkoa mwingine wowote nchini. Manispaa ya Mpanda peke yake imepanda kutoka watu laki moja na ushee hadi karibu laki mbili na nusu. Wamekuja wakulima na wafugaji kutoka Usukuma wakitafuta ardhi, wachimbaji wadogo wakifuata dhahabu, watumishi waliopangiwa kazi baada ya makao makuu ya mkoa kuwekwa hapa, na wafanyabiashara wakiwafuata wote hao.

Ukizingatia kwamba zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania wana umri chini ya miaka 15, utadhani haiwezekani mtoto wa Mpanda akakosa mwenzake. Inawezekana, tena kwa urahisi. Mji unaokua kwa kasi hutawanyika kwanza, ndipo hujaa baadaye. Sura hii inahusu miaka iliyo katikati ya kutawanyika na kujaa, na watoto wanaokulia ndani yake.

Nani alipanga umbali wa nyumba

Historia ya Katavi inaweza kusimuliwa kwa kufuata umbali kati ya nyumba na nyumba. Nchi ya Wakonongo, Wabende na Wapimbwe ilikuwa ya miji midogo iliyotenganishwa na miombo. Katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wa maeneo mengi ya magharibi mwa Tanganyika katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o na ugonjwa wa malale. Aliyeamua nyumba zikae karibu alikuwa daktari na bwana shauri.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ukaja mgodi wa risasi wa Mpanda, na kwa ajili yake ikajengwa reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua. Safari hii umbali uliamuliwa na mwenye mgodi, aliyetaka wafanyakazi wake walale karibu na kazi. Mgodi ulikufa kuelekea uhuru, lakini mji na stesheni vikabaki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 yakaanzishwa makazi ya wakimbizi ya Katumba kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, na mwishoni mwa muongo huo yakafuata ya Mishamo. Huko kila familia ilipewa eneo la kulima, na nyumba zikajipanga kando ya barabara zilizochongwa porini. Zaidi ya watu 160,000 wenye asili hiyo, wakiwemo wa Ulyankulu mkoani Tabora, walikubaliwa uraia wa Tanzania mwaka 2010. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Operesheni Vijiji ilikuwa ikiwahamisha wananchi wengine kutoka katika makazi yao yaliyotawanyika na kuwaweka pamoja, shule na zahanati vikiwa sababu.

Mara zote hizo aliyepanga umbali alikuwa mtu wa ofisini, na mtoto alipata wenzake au aliwakosa kufuatana na ramani ya mkubwa. Leo ofisi ya ardhi ya manispaa bado inachora, lakini mzazi ndiye anayechagua atajenga wapi ndani ya mchoro. Kwa hiyo lawama na sifa ni zake.

Hatua mia mbili

Mtu mzima huuona mji kwa kilomita na nauli ya bodaboda. Mtoto wa miaka sita ana mji mdogo zaidi: unaanzia mlangoni na kuishia pale ambapo sauti ya mama akiita bado inasikika. Piga hatua mia mbili kila upande wa nyumba, na hapo ndipo mji wake unapokwisha. Akifika miaka kumi utapanuka, hasa kama ni wa kiume na amejua baiskeli. Kabla ya hapo, rafiki anayeishi kilomita moja ni sawa na rafiki wa Sumbawanga, kwani kumwona kunahitaji mkubwa wa kumpeleka na siku maalumu.

Umbali huu huwabana zaidi wasichana. Binti wa miaka tisa ana vyombo vya kuosha, maji ya kuchota na mdogo wake wa kubeba. Muda wake wa kucheza huja kwa vipande: robo saa baada ya vyombo, dakika kumi kabla ya kuwasha moto wa jioni. Kama mwenzake yuko nyumba ya pili, vipande hivyo vinatosha kwa mizunguko kadhaa ya mdako, au kwa kuruka kamba hadi aitwe. Kama mwenzake yuko mwendo wa dakika kumi, kipande chote kimeishia njiani. Kaka yake, aliyeachiwa alasiri nzima, ataweza kuvuka mtaa kutafuta chandimu. Nyumba iliyojitenga haiwanyimi watoto wote kwa kiasi kimoja. Huanza na yule mwenye kazi nyingi.

Idadi nayo ina uzito. Mdako unataka wawili. Rede inataka watatu kwa uchache, wawili wa kurusha mpira na mmoja wa kukwepa katikati huku akijaza mchanga kwenye chupa, na hunoga wakiwa sita au saba na wamegawana timu. Kombolela ya watoto watatu huisha kwa ugomvi, maana anayetafuta anajua wote walipojificha. Chandimu hutaka wanane na kuendelea, na hapo ndipo mdogo wa miaka saba hupata nafasi ya golikipa kwa sababu wakubwa hawataki kudaka. Katika michezo hii, bila mwalimu wala filimbi, watoto hujadiliana sheria, huchagua nani aanze, hukubali kushindwa na kurudi kesho. Mtoto mwenye mwenzake mmoja tu hujifunza nusu ya hayo, kwa kuwa akigombana naye hana pa kwenda.

Nchi yetu imeshakubali kwamba haya si mambo ya kupuuzwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitaja haki ya kupumzika na kucheza katika ibara yake ya 31. Lakini mkataba hauwezi kumpa mtoto jirani. Jirani hupatikana siku mzazi anapochagua mahali pa kuishi.

Nyumba, boma, pori

Ukiwa katika kiwanja unachokitamani, fanya hesabu ambayo dalali hatakufanyia. Zunguka zile hatua mia mbili na uandike safu tatu. Ya kwanza ni nyumba zinazokaliwa. Ya pili ni maboma, zile kuta zilizosimama bila paa au zilizopauliwa bila madirisha. Ya tatu ni pori, yaani viwanja vyenye nguzo za mipaka na nyasi tu.

Safu ya kwanza ndiyo mtoto wako anayoweza kuitumia leo. Ya pili ni ahadi. Ya tatu usiihesabu kabisa, hata ukiambiwa kwamba wenyewe ni mameneja na madaktari. Masharti ya umiliki kwa kawaida humtaka aliyepewa kiwanja cha makazi akiendeleze ndani ya miezi 36. Tunajua yanavyokwenda. Wengi hununua ili kuhifadhi fedha, ama kuwaachia watoto wakikua, na nyasi huota hadi kufunika nguzo. Anayejenga naye hujenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, tofali mwakani, kupaua baada ya mavuno mazuri, kisha subira ndefu ya milango na grili. Kutoka msingi hadi siku ya kuhamia, miaka mitano si ajabu, na saba haishangazi mtu.

Sasa iweke miaka hiyo kando ya ile ya mtoto. Umri wa kucheza nje na watoto wa jirani huanza kwenye miaka minne au mitano, na kufikia kumi na mbili huanza kupungua, masomo ya darasa la mwisho yakibana na akili ikihamia kwingine. Ni miaka saba au minane. Mzazi anayehamia mwaka huu katika mtaa mpya wenye nyumba tatu, akiwa na mtoto wa miaka mitano, atauona mtaa huo ukichangamka. Watoto watajaa barabarani, na wa kwake atawachungulia dirishani akijiandaa kwenda bweni.

Hapo ndipo lilipo kosa ambalo bei haionyeshi. Kiwanja kikikaa miaka kumi kinapanda thamani. Miaka kumi ya mtoto ikipita bila wenzake, hairudishwi na kiwanja chochote. Busara ni kulinganisha umri wa mtaa na umri wa mtoto. Mwenye mtoto mchanga anaweza kuhamia penye maboma mengi, kwa sababu maboma na mtoto vitakua pamoja. Mwenye wa miaka mitano atafute penye nyumba zinazokaliwa. Mwenye wa kumi na mbili anaweza kwenda popote, akaangalia shule tu.

Mitaa ya zamani na viwanja vipya

Ushauri huu unagongana na heshima. Mtumishi aliyepandishwa cheo hutarajiwa kuondoka katika mitaa iliyosongamana ya Makanyagio au Kashaulili na kwenda kujenga pembeni, kwenye kiwanja kikubwa chenye ukuta na geti. Kwa macho ya watu wazima huko ni kupanda ngazi. Kwa macho ya mtoto ni kinyume chake. Nyumba ya vyumba sita vya kupangisha, korido katikati na ua mmoja nyuma, huwa na familia tatu au nne. Mtoto anapoamka tayari ana timu. Anajifunza salamu za Kisukuma kwa mpangaji wa chumba cha mbele, anasikia Kifipa uani na Kiha dukani, na wote wanakutana katika Kiswahili cha kugombania mpira.

Msongamano una gharama zake, na hakuna haja ya kuzipamba. Choo kimoja kwa watu wengi, maji machafu yanayotiririka njiani, muziki wa baa hadi usiku wa manane, na wakubwa wanaopita ambao si wote wema. Kwa hiyo kipimo kiwe nani anauona mtaa. Mwaka 1961 Mmarekani Jane Jacobs aliandika kitabu kuhusu miji ya kwao, akaeleza kwamba usalama wa barabara huletwa kwanza na macho ya wenye maduka na wakazi wa pale, askari baadaye. Mswahili wa baraza hahitaji kufundishwa hilo. Mama wa genge la nyanya, fundi cherehani chini ya mti, mzee aliyekaa nje na redio yake: kila mmoja anamjua mtoto wa nani ni yupi, na ana ruhusa isiyoandikwa ya kumkaripia. Ukuta wa futi saba huziba macho hayo. Mtoto aliye njiani kati ya kuta ndefu za pande zote mbili yuko peke yake hata kama mtaa una nyumba mia, ilhali uzio wa minyaa, ulioenea sana huku magharibi, humwonyesha aliye ndani aliye nje, na watoto hupenya.

Kipimo cha pili ni magari. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Donald Appleyard alilinganisha mitaa mitatu ya San Francisco inayofanana kwa mengi isipokuwa wingi wa magari. Katika mtaa wenye magari kama 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa na wastani wa marafiki watatu mtaani mwake. Penye magari kama 16,000, hakufikisha hata mmoja. Mitaa ya pembeni ya Mpanda haijafikia huko, lakini bodaboda imeleta tatizo lake. Njia ya vumbi iliyokuwa uwanja wa watoto ikigeuka kuwa njia ya mkato kati ya barabara kubwa mbili, mchezo unakufa ndani ya mwezi. Chagua mtaa usioelekea popote, ambao anayeingia ndani yake amekusudia kufika humo.

Nenda saa kumi na moja jioni

Dalali atakupeleka saa nne asubuhi, wakati watoto wako shule na mtaa ni kimya. Mshukuru, kisha rudi peke yako saa kumi na moja jioni siku ya kazi, na tena Jumamosi asubuhi. Tazama kamba za nguo: sare za shule ni ngapi, na za ukubwa gani? Tafuta vipande vya mpira wa manailoni, mistari iliyochorwa mchangani, ringi za baiskeli zilizolazwa ukutani. Simama kisimani, maana huko watoto hupeana ahadi za kukutana. Muulize mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa shina, si familia ngapi zipo tu, bali zenye watoto wa umri gani, na wanasoma wapi. Wale wanaorudi pamoja kwa miguu kutoka shule ya msingi ya karibu huendelea kuwa pamoja jioni. Wale wanaochukuliwa alfajiri na gari la shule ya mbali na kurudishwa magharibi wamechoka ni majirani wa jina.

Kisha rudi msimu mwingine. Katavi mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Korongo ulilolivuka Agosti bila kuliona laweza kuwa mto mwezi Januari, na kama halina kivuko, watoto wa ng'ambo si wenzake wa mwanao kwa nusu mwaka. Msimu huo huo ni wa kulima. Familia nyingi za pembezoni huhamia mashambani kwa wiki kadhaa, na wanaolima tumbaku hushikwa na kazi kuanzia kwenye vitalu hadi kwenye mabani ya kukaushia. Mtaa uliojaa watoto Septemba unaweza kubaki na wachache. Ndiyo maana napendekeza zisipungue familia tano zenye watoto wa rika moja na wa kwako ndani ya zile hatua mia mbili. Mbili zikiwa shambani na moja ikiwa na mzazi asiyependa watoto watoke, zinabaki mbili, na mdako unaendelea.

Pembezoni mwa mji, penye machimbo madogo ya dhahabu, uliza kuhusu maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa wazi na mahali wanapooshea mchanga kwa zebaki. Watoto hufuata mashimo na maji. Na kabla ya kulipa, omba ofisi ya ardhi ikuonyeshe mchoro wa mipango miji, uangalie eneo la wazi liko wapi, kisha nenda ukalione kwa macho. Kuna maeneo ya wazi ambayo kwenye karatasi ni uwanja wa michezo na ardhini yana msingi wa nyumba ya mtu.

Kama umeshajenga pembeni

Aliyekwisha kuhamia porini hajafungwa. Kama uwezo upo, pangisha nyumba yako na upange katikati ya watu kwa miaka michache. Majirani watashangaa kwamba mwenye nyumba anaishi kwa kupanga, lakini kodi inayoingia hapa inatoka kule, na hesabu haiumizi sana. Kama huwezi kuhama, walete watoto kwako. Fyeka kiwanja cha jirani asiyejenga, kwa ruhusa yake, simamisha miti miwili ya goli, na wa mtaa wa pili watakuja wenyewe. Acha geti wazi kuanzia saa kumi, na uvumilie kelele, kikombe kilichovunjika na miguu yenye matope sebuleni. Kumchukua mtoto wa ndugu kuishi nawe, jambo tulilolizoea, husaidia pia, mradi asigeuzwe mtumishi wa huyo aliyeletwa kucheza naye.

Njia bora zaidi ni ya kabla ya kununua, na Mpanda ina kila kitu kinachohitajika kuifanya. Watu wa hapa tayari wanakaa katika vikundi: jumuiya ndogondogo za kanisa, madrasa, VICOBA, walimu wa shule moja, manesi wa wadi moja. Tunachangiana misiba na harusi, tunakopeshana mitaji, kisha kila mmoja anakwenda kutafuta kiwanja peke yake, huyu Kazima, yule Misunkumilo, mwingine upande wa uwanja wa ndege. Familia tano zenye watoto wadogo zikienda pamoja kunakopimwa viwanja, zikaomba vinavyopakana na kukubaliana kuhamia ndani ya miaka miwili, hata nyumba zikiwa bado hazina plasta, zitakuwa zimejipatia mtaa kamili kwa bei ile ile ambayo kila moja ingenunulia upweke. Hazihitaji sheria mpya wala mfadhili. Zinahitaji ajenda moja zaidi katika kikao cha Jumapili, na mtu wa kuitaja.